Paka wangu alikuwa akinililia, sisi tukadhani ni ujeuri

Picha ya kwanza aliyonitumia mdogo wangu ilikuwa ya godoro. Alikuwa ameliegemeza ukutani uani, jua la Februari linaliwakia, na katikati pana doa kubwa la majimaji. Chini yake ameandika: "Dada, paka wako ametushinda. Hii mara ya tatu. Shemeji yako amekasirika." Mimi wakati huo niko Chennai, India, nimeketi kwenye benchi nje ya wadi, mama yangu ndani akingoja upasuaji wa moyo. Nikaandika jibu ambalo mpaka leo likinijia nafsi hunisuta: "Mtoe nje alale huko, atashika adabu."

Hakushika adabu. Nusura afe.

Naandika haya kwa sababu watu wengi wa hapa Mombasa hufunga safari za wiki nyingi. Huyu Hija, yule Umra, mwingine matibabu, mwingine kazi Ghuba, na nyuma huacha paka. Mimi nilidhani paka wa mjini ni mnyama wa kujitegemea, ukimwekea samaki na maji umemaliza wajibu wako. Nilikosea pakubwa, na gharama yake nitaitaja bila kuficha.

Bizari alituingilia mwaka 2018, wakati wa masika, kitoto cha kujaa kiganja, kalowa chapachapa kwenye kibaraza chetu Kibokoni. Rangi yake ya manjano iliyokoza ndiyo iliyompa jina. Mama alimtazama mara moja tu akasema huyu kamwagikiwa na bizari. Akakua, akanenepa, akawa dume zito la kilo tano na nusu. Alikuwa na saa zake. Mama akiamka kabla ya alfajiri kutia udhu, yeye kashatangulia kukaa kando ya ndoo. Mimi nikirudi kazini Barabara ya Digo saa kumi na moja jioni, yuko juu ya dirisha la mbao ananingoja. Usiku alilala miguuni pa mama, juu ya leso, hata kuwe na joto la namna gani.

Anayejua Mji wa Kale anajua kwamba paka kwetu si kitu cha ajabu. Wamejaa vichochoroni, wanalala barazani, wanangoja wauza samaki wapige magamba. Wazee wetu wametufundisha kuwa paka si najisi, ni katika viumbe wanaotuzungukia majumbani. Lakini huko kuzoea kwetu ndiko kulikonipofusha. Nimekua nikisikia kwamba paka hupenda nyumba, hampendi mwenye nyumba. Basi mimi nikawaza: akipata nyumba nyingine na chakula, yatakwisha.

Mwezi Januari 2023 tukapata tarehe ya hospitali. Mama alihitaji kubadilishiwa vali ya moyo, nami ndiye wa kumsindikiza, nyumba itabaki imefungwa. Mdogo wangu anaishi Mishomoroni, ng'ambo ya daraja la Nyali, na mumewe na binti yao wa miaka tisa. Alikubali kumchukua Bizari bila kusita.

Sasa tazama nilivyomwandaa. Nilitaka aingie nyumba ya watu akiwa msafi, kwa hiyo siku mbili kabla ya safari nikafua kila alicholalia: mkeka wake nikausugua kwa sabuni, kitambaa chake nikakiroweka kutwa. Nikamnunulia beseni jipya la mchanga. Nikamtia ndani ya tenga, nikalifunga kwa leso mpya ya dukani, tukapanda tuktuk kwa shilingi 400. Alilia kuanzia Makadara hadi tulipovuka daraja, sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikamfungulia sebuleni kwa mdogo wangu, akapita kama mshale hadi chini ya kitanda. Nikachungulia, nikamwambia nitarudi, nikaondoka. Dakika kumi kwa jumla. Nilikuwa na treni ya kuwahi Miritini.

Daktari wa wanyama alikuja kunieleza baadaye nilichokifanya. Paka huijua dunia kwa pua. Ana vitoa harufu mashavuni, kwenye paji la uso, na penye shina la mkia, na akijisugua kwenye mguu wako au kwenye mguu wa kiti anaacha alama yake, anachanganya harufu yake na yako. Hiyo harufu iliyochanganyika ndiyo inayomwambia kwamba hapa ni kwetu. Mimi nikamwondoa penye kwao, nikawaondoa watu wake wote wawili siku moja, halafu na kile kidogo ambacho kingeweza kumsindikiza nikakifua kwa sabuni.

Siku tatu hakutoka chini ya kitanda isipokuwa usiku wa manane. Siku ya nne akaanza kulia. Mdogo wangu alinirekodia: saa kumi alfajiri, saa ileile ya mama kutia udhu, anazunguka chumba hadi chumba akiita. Si mlio wa njaa. Ni mrefu, unaishia chini, kama mtu anayeita jina akangoja kuitikiwa. Jioni saa kumi na moja anakwenda kukaa mlangoni, uso umeelekea kitasa, hata ikifika Isha bado yuko. Mpwa wangu aliniambia, "Mama mkubwa, yuwakungoja." Mtoto wa miaka tisa alilisoma lile ambalo sisi watu wazima tulilipita.

Kosa jingine nililifanya kwa mapenzi. Chennai wametangulia saa mbili na nusu mbele yetu, kwa hiyo kila siku saa tatu usiku ya huko, ambayo Mombasa ni saa kumi na mbili na nusu jioni, nilipiga simu ya video nikamwambia mdogo wangu amwekee Bizari simu aisikie sauti yangu. "Bizari, ndoo! Ndoo mwanangu!" yaani njoo, kwa Kimvita chetu. Mara ya kwanza alisimamisha masikio, akaja, akanusa simu, akazunguka nyuma yake kunitafuta. Hakuniona. Akaenda mlangoni. Mimi huku nimefurahi, machozi yananitoka, najiambia ananikumbuka. Usiku ule, niliambiwa asubuhi, alilia mpaka kukapambazuka. Nasi tukaendelea vivyo hivyo siku kumi bila kuunganisha simu na kilio. Watafiti wa Tokyo, Saito na Shinozuka, walionyesha mwaka 2013 kwamba paka huitambua sauti ya mwenyewe kati ya sauti za wageni, ingawa wengi hugeuza tu masikio na kichwa bila kuinuka. Basi alinitambua vizuri sana. Nilikuwa nikimwita kila jioni, na kila jioni sikuwepo.

Wiki ya pili akaanza kukojoa kitandani.

Hapa ndipo watu wengi humpoteza paka wao, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mara ya kwanza mdogo wangu alifua akanyamaza. Ya pili akaniambia. Ya tatu ndiyo ile picha ya godoro. Nyumba nzima ikaafikiana kwamba ni kisirani: amekasirika kuletwa pale, analipiza. Shemeji akasema paka ana kinyongo kuliko ngamia. Hata mimi niliamini. Ni baadaye sana, nimekwisha rudi, tulipokaa na mdogo wangu tukihesabu siku, ndipo tulipogundua: kabla ya safari nilimwachia shuka zangu mbili za zamani, alizozitandika kwa zamu. Mara zote tatu Bizari alikojolea shuka zangu. Zilipotandikwa zake mwenyewe, hakugusa kitanda.

Daktari hakushangaa. Alinitajia uchunguzi wa daktari mwenziwe wa mifugo, Stefanie Schwartz, uliochapishwa 2002, wa paka 136 walioathirika kwa kuachwa na watu wao. Dalili zilikuwa hizohizo: kukojoa na kunya pasipofaa, kulia kupita kiasi, kuharibu vitu, kujiramba mpaka manyoya yanatoka. Na katika wale waliokojoa ovyo, robo tatu walikojolea kitanda cha mwenyewe, si pengine. Paka hana hesabu ya kulipiza kisasi. Mwenye wasiwasi hutafuta mahali penye harufu inayomtuliza, akatia na yake hapohapo.

Lakini daktari alisisitiza jambo ambalo nami nalisisitiza: usiamue peke yako kwamba ni hamu ya kukuona. Kukojoa ovyo huweza kuwa ugonjwa wa kibofu, na kwa paka wengine wasiwasi wenyewe ndio huamsha ugonjwa huo. Paka dume akichutama, akijikamua, na mkojo usitoke au utoke tone, usingoje asubuhi. Njia ikiziba anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mpeleke kwanza, uchunguze hamu baadaye. Bizari alipimwa mkojo na ulikuwa safi, lakini hilo tulilijua kwa kuchelewa, na kwa bahati.

Nilipoandika lile jibu la "mtoe nje", shemeji alimwekea pahali katika kijistoo cha uani. Walimwekea maboksi, maji, na kila siku sahani ya vibua vya kuchemsha. Mdogo wangu si mtu mkatili; alikuwa na mtoto, kazi, na godoro linalonuka, na mimi mwenye paka ndiye niliyeamuru. Kila jioni nilimuuliza, "Anakula?" Akanijibu, "Sahani i tupu, dada." Tukatulia.

Waliokuwa wakila ni kunguru. Mombasa hii, nani asiyewajua? Sahani ikiwekwa uani haifiki nusu saa. Kwa siku tano, labda sita, Bizari alilala nyuma ya maboksi bila kutia kitu kinywani, na sahani tupu ikatushuhudia uongo. Tangu hapo mimi siamini sahani. Naangalia mchanga, kama kuna choo na kiasi gani. Naupitisha mkono mgongoni kuhisi mifupa. Nampima kilo: napanda mizani nimembeba, napanda tena peke yangu, natoa.

Mpwa wangu ndiye aliyeligundua, alipojipenyeza stoo kumbembeleza. Akarudi akamwambia mamake kuwa masikio ya Bizari kwa ndani yamepakwa manjano. Paka wa rangi ile, nani angeona? Manyoya yake yaliuficha ugonjwa. Mdogo wangu akamfunua mdomo, ufizi nao wa manjano.

Hata hapo tulipoteza siku nyingine. Walimpeleka kwanza kwenye duka la dawa za mifugo lililo karibu, wakauziwa dawa ya minyoo kwa shilingi 350. Usiku shemeji, kwa nia njema kabisa, akavunja nusu kidonge cha parasetamoli amtilie maziwani kwa kuwa mwili ulikuwa una joto. Mdogo wangu alinipigia kuniuliza. Sikujua jibu, muuguzi mmoja pale wadini, aliyefuga paka, alisikia akapunga mikono yote miwili. Parasetamoli humuua paka. Hata kipande. Kama hukumbuki kitu kingine katika haya niliyoandika, kumbuka hicho.

Asubuhi yake wakampata daktari wa wanyama. Mizani: kilo nne na gramu mia mbili. Akasema ini limejaa mafuta. Alimweleza mdogo wangu taratibu, naye akanieleza mimi: paka asipokula, mwili wake huanza kuyayusha mafuta yaliyohifadhiwa na kuyapeleka kwenye ini, na ini la paka haliwezi kubeba mzigo huo, linajaa, linashindwa kazi. Paka mnene yuko hatarini zaidi kuliko mwembamba. Siku mbili tatu bila chakula tayari ni hatari. Ule msemo wetu kwamba njaa ikimzidi atakula mwenyewe, kwa paka haufanyi kazi. Kadiri asivyokula ndivyo anavyozidi kuchafukwa na kukosa hamu ya kula. Dawa yake kubwa ni chakula, akitaka asitake, na kwa mkono wa anayejua.

Alilazwa siku nne. Wakampitisha mpira mwembamba puani, chakula laini kikawa kinapita huko kidogo kidogo. Gharama: kumwona daktari 2,000, vipimo vya damu na mkojo 6,500, kulazwa na dripu na chakula 16,000, halafu dawa na chakula maalumu cha kurudi nacho nyumbani 5,800. Jumla 30,300, tuktuk mbali. Fedha hizo zilitoka katika akiba niliyoiweka kwa ajili ya chumba chetu cha kulala Chennai. Kuna jamaa aliponisikia akaniuliza kama nina akili, mamangu yuko kitandani na mimi nalipia paka. Sikumjibu. Nilikuwa nimekumbuka ile hadithi ya Mtume ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka, asimlishe, asimwachie ajitafutie vijidudu vya ardhini, na nikawa siwezi kulala.

Na mama? Alikuwa ametoka chumba cha wagonjwa mahututi siku ya pili. Sauti haijarudi vizuri, ananong'ona. Neno la tatu au la nne aliloniambia lilikuwa, "Bizari yuwala?" Nikamwambia anakula. Nilimdanganya mama yangu mgonjwa usoni.

Mama mwenyewe alikuwa hali chakula. Chakula cha hospitali kilikuwa kizuri, safi, wauguzi wapole, lakini alikuwa akionja kijiko kimoja anageuza uso ukutani. Siku ya tano nikaomba jiko pale tulipopanga, nikapika uji mwepesi wa mchele, nikatia tui na iliki kama anavyoupika yeye Ramadhani. Alinusa kabla ya kuonja. Akamaliza kikombe.

Nilimsimulia mdogo wangu hilo kwa simu usiku ule, kwa furaha tu. Kesho yake daktari alikuwa amemruhusu Bizari arudi nyumbani, akilishwa kwa bomba la sindano, bila sindano yenyewe, mara sita kwa siku, lakini bado hataki kugusa kitu mwenyewe. Daktari alikuwa amemuuliza mdogo wangu, "Hakuna kitu chochote cha mwenyewe, ambacho hakijafuliwa?" Akaunganisha na ule uji. Akachukua funguo, akaja Kibokoni, akafungua nyumba iliyofungwa mwezi mzima. Nyuma ya mlango wa chumba cha mama ilikuwa inaning'inia leso yake ya kijani ya kukaa nayo jikoni, ambayo nilisahau kuifua. Ina udi, ina kitunguu, ina jasho lake.

Aliitandika chumbani kwa mpwa wangu, si stoo. Ananiambia Bizari alikuwa amelala ubavu, akainua kichwa kabla leso haijagusa chini. Akaisogelea. Akatia pua ndani ya pindo akavuta pumzi muda mrefu. Halafu akaanza kuikanda, mguu huu, mguu huu, kama mtu akandaye unga wa mahamri, akinguruma kifuani kwa mara ya kwanza tangu avuke daraja. Akalala juu yake masaa sita. Jioni ya siku ya pili akala mwenyewe: kipande cha tafi, kidogo sana. Mdogo wangu alinipigia akilia.

Sisemi leso ndiyo iliyomponya. Bila ule mpira wa puani asingefika siku ya leso. Nasema kama ingekuwa pale tangu siku ya kwanza, huenda mpira usingehitajika.

Tulirudi tarehe 29 Machi, Ramadhani imeshaanza. Njia nzima kutoka Nairobi nilikuwa nawaza atakavyonirukia. Tukaingia kwa mdogo wangu muda mfupi kabla ya futari. Bizari alikuwa juu ya kiti, amekonda, ubavuni ana kipara alipojiramba. Nikamwita. Akanitazama. Nikamnyooshea mkono, akaunusa, mkono unaonuka sabuni ya hospitali na ndege, akashuka kitini akanipa mgongo. Nilikwenda chooni nikalia kama mtoto. Nilihisi ananihukumu, na kwamba ana haki.

Hakuwa akinihukumu. Hakuwa na hakika ni mimi. Macho yalimwambia hivi, pua ikamwambia vile. Lililonisaidia ni kutomlazimisha. Sikumnyanyua. Nilioga kwa sabuni yetu ya siku zote, nikavaa dira langu kuukuu, nikaketi sakafuni mbali kidogo bila kumkodolea, nikawa nafumba macho polepole na kuyafumbua, kama wafanyavyo wao kwa wao wakiwa na amani. Saa tano usiku akaja kunusa goti. Saa nane nikaamshwa na uzito kifuani, anakanda shingo yangu kwa makucha yaliyotoka nusu. Wiki mbili zilizofuata alinifuata hata bafuni, na nikifunga mlango alilia. Hilo nalo ni hamu, inaendelea hata baada ya kuonana, na nililiachia mpaka likapungua lenyewe.

Oktoba ileile mama alitakiwa arudi kwa uchunguzi, siku 12. Safari hii Bizari hakuhama. Jirani yetu mmoja ana binti amemaliza kidato cha nne, tulipatana shilingi 300 kwa siku aje mara mbili, saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, saa zilezile za kula, akae naye si chini ya nusu saa. Wiki mbili kabla nilimwomba awe anakuja huku sisi tupo, ili Bizari aizoee harufu yake na mkono wake. Wiki ya mwisho nilianza kutoka nyumbani jioni kwa muda wa saa mbili au tatu, nikimwacha naye. Sikuaga. Ile kumkumbatia mlangoni kwa machozi inamtia hofu, nayo ilikuwa kwa ajili yangu zaidi kuliko kwake.

Sikufua chochote. Leso ya kijani ilikaa kitandani kwa mama, dira langu kitini. Beseni ni lilelile na mchanga uleule wa siku zote. Binti aliagizwa akimwekea chakula asiondoke mpaka amwone akila kwa macho yake, na anitumie picha ya sahani na ya mchanga. Tukaandika karatasi ukutani: nambari ya daktari, kilo zake za siku hiyo, na maneno kwa herufi kubwa kwamba akipitisha siku nzima bila kula apelekwe bila kuniuliza, pesa zimeachwa kwenye droo. Nambari hiyo niliitafuta na kumwona daktari mwenyewe kabla ya kusafiri, maana usiku wa taharuki si wakati wa kuanza kuulizia. Na sikumpigia simu aisikie sauti yangu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mara mbili nilishika simu nikaiweka.

Alilia usiku wa kwanza na wa pili. Siku ya kwanza alikula nusu, ya pili robo tatu, ya tatu akamaliza. Jioni alikaa dirishani kama kawaida yake. Mchana alilala ndani ya leso, amejifunika pindo. Hamu ilikuwepo, binti aliiona wazi, lakini alikuwa kwao, na sisi tulikuwa tumebaki puani mwake.

Tuliporudi alitusikia ngazini. Alikuwa mlangoni, mkia umesimama wima, ncha imepinda. Akajinyosha, miguu ya mbele mbali, mgongo chini, kisha akaanza kunguruma kabla sijamgusa. Nilisoma baadaye kwamba watafiti wa Sweden waliwatazama paka 14 mwaka 2017, wakawaacha peke yao mara nusu saa na mara saa nne, wakaona baada ya saa nne walinguruma na kujinyosha zaidi mwenyewe aliporudi. Siku ile sikujua habari hizo. Nilimwona tu akilipita begi, akanipita mimi, akaenda kujisugua kwenye miguu ya mama, shavu hili, shavu hili, kutoka kifundo hadi goti, na mama ameshika ukuta anacheka.

Mwezi ujao mama ana miadi tena. Leso ya kijani imefuliwa mara moja kwa bahati mbaya wiki iliyopita, kwa hiyo mama ameilalia usiku wa tatu huu. Jana alfajiri nilipita chumbani kwake nikasikia mngurumo gizani, na ukucha ukinasa na kunasuka kwenye kitambaa.